Lawama mbili za Quantum of Solace, na ile moja inayostahili

Filamu ya Quantum of Solace ilipoingia katika kumbi za sinema za Uingereza tarehe 31 Oktoba 2008, ilivunja rekodi ya mauzo ya tiketi ya wikendi ya kwanza nchini humo, na wiki mbili baadaye, ilipofika Marekani, ikaanza kwa kishindo kikubwa kuliko filamu yoyote ya James Bond iliyoitangulia. Watu walikuwa wakiisubiri kwa hamu. Lakini walipotoka ukumbini walikuwa wamegawanyika, na hadi leo hawajapatana. Wapo walioisifu kwa kuwa fupi, kali na isiyobembeleza mtazamaji. Wengine walilalamika kwamba hawakuweza kufuata nani anampiga nani, kwamba Bond hatabasamu, na kwamba adui anafanana na mhasibu. Roger Ebert, mhakiki mkongwe wa Marekani, aliipa nyota mbili kati ya nne na kusisitiza kwamba Bond hapaswi kugeuzwa shujaa wa kawaida wa filamu za mapigano. Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki, filamu hii imebaki kwenye asilimia 64 hivi, ilhali ile iliyoitangulia, Casino Royale ya mwaka 2006, ina zaidi ya 90.

Fedha hazikuwa tatizo. Filamu iligharimu karibu dola milioni 200 na kuingiza zaidi ya milioni 580 duniani kote, kiasi kinachokaribia sana kile cha Casino Royale. Kwa hiyo tunaposema ilipokewa kwa hisia mchanganyiko, hatuzungumzii filamu iliyokosa watazamaji, bali filamu iliyotazamwa na mamilioni ya watu, ambayo wengi wao waliondoka na kinyongo.

Kwa maoni yangu, kinyongo hicho kimechanganya mashtaka mawili ambayo hayakupaswa kukaa katika faili moja. Shtaka la kwanza linahusu namna mapigano yalivyopigwa picha na kuhaririwa. Hilo ni kosa la kweli, na hakuna utetezi unaolifuta. Shtaka la pili linahusu Bond mwenyewe, yaani huzuni yake, ukimya wake, adui aliyepewa, na hadithi inayozunguka maji badala ya kombora la nyuklia. Hapo filamu ilionewa. Na ilionewa kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watu wasione lile lililofanywa vizuri.

Ili kuelewa kilichotarajiwa, inabidi turudi kwenye Casino Royale. Filamu ile, iliyoongozwa na Martin Campbell, ilimleta Daniel Craig kwa mara ya kwanza na kumwanzisha Bond upya, akiwa jasusi aliyepewa leseni ya kuua juzi tu, mwenye kiburi na haraka. Watazamaji wa Afrika Mashariki wanaikumbuka pia kwa jambo jingine: fedha zinazoanzisha sakata lote zinakabidhiwa katika kambi ya waasi, mahali ambapo maandishi ya filamu yanasema ni Mbale, Uganda, ingawa kamera haikukanyaga Uganda na msitu ule ni wa Uingereza. Filamu ilikuwa na dakika 144 na haikuona haya kuzitumia. Mchezo wa karata ulichukua muda mrefu, Bond na Vesper Lynd, mwanamke anayempenda, wakapewa nafasi ya kuzungumza ndani ya treni na bafuni, na Vesper alipokufa maji Venice, mtazamaji alikuwa ameshampenda kiasi cha kuumia. Katika tukio la mwisho Bond anampiga risasi ya mguu Bwana White, mtu wa genge lililomtumia Vesper, na kujitambulisha kwa jina lake kamili. Skrini inakuwa nyeusi, na kila aliyekuwa ukumbini anataka kujua kinachofuata.

Quantum of Solace inaanza muda mfupi tu baada ya risasi ile. Hilo lilikuwa jambo geni. Filamu za Bond zilizotangulia, ishirini na moja kwa hesabu ya Eon, kampuni iliyozitengeneza, karibu kila moja ilianza ukurasa mpya: mwanamke wa filamu iliyopita amesahauliwa na jasusi amerudi kazini akiwa hana hata mkwaruzo wa moyo. Hata mwaka 1969, Bond alipofiwa na mkewe saa chache baada ya harusi, filamu iliyofuata ililimaliza jambo hilo kwa dakika chache za mwanzo kisha ikaenda zake. Mwaka 2008, kwa mara ya kwanza, tulipewa filamu ya mwendelezo iliyokuwa mwendelezo kwelikweli, inayomdai mtazamaji kumbukumbu ya filamu iliyotangulia. Aliyeingia ukumbini bila kuitazama Casino Royale, au aliyeitazama miaka miwili nyuma na kuisahau, alikuwa amepotea kabla ya kukaa vizuri kwenye kiti.

Na hakupewa nafasi ya kujitafuta, kwa sababu filamu inafunguka kwa mkimbizano wa magari. Kamera inapita juu ya maji ya Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, kwa utulivu wa kupendeza, kisha ghafla tumo ndani ya handaki la barabara: Aston Martin ya Bond inafukuzwa na Alfa Romeo nyeusi, kuna lori, kuna risasi, mlango wa gari la Bond unang'olewa. Magari yanatoka kando ya ziwa na kuingia katika machimbo ya marumaru, yaliyopigwa picha Carrara, na huko adui wa mwisho anaporomoka bondeni. Madereva waliofanya kazi ile walikuwa mabingwa, na mmoja wao aliumia vibaya wakati wa upigaji picha. Magari yalikuwa ya kweli na barabara zilikuwa za kweli. Lakini mtazamaji alichopata ni vipande vya picha visivyodumu hata sekunde mbili: gurudumu, jicho, gia, mtutu wa bunduki, gurudumu tena. Kila unapoanza kujua gari la Bond liko mbele au nyuma ya lile jingine, mhariri amekwishakata. Tukio lililogharimu mamilioni na kuhatarisha maisha ya watu linapita kana kwamba waandaaji walikuwa wanaficha kitu.

Jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Kati ya mwaka 2004 na 2007 filamu mbili za Jason Bourne zilizoongozwa na Paul Greengrass zilibadilisha ladha ya filamu za ujasusi, kwa kamera ya mkononi inayotikisika na uhariri wa kasi uliomfanya mtazamaji ahisi yumo ndani ya vurugu. Waandaaji wa Bond waliyaona mafanikio hayo. Dan Bradley, aliyesimamia matukio ya hatari katika filamu za Bourne, aliletwa kuongoza kikosi cha pili cha upigaji picha. Richard Pearson, mmoja wa wahariri wa The Bourne Supremacy, akaungana na Matt Chesse katika chumba cha uhariri. Mwongozaji Marc Forster alikuwa anajulikana kwa filamu za mazungumzo na hisia kama Monster's Ball na The Kite Runner, na hakuwa na uzoefu wa filamu za mapigano za ukubwa huu. Kikosi kilichonolewa kwa Bourne kilipewa mhusika Bond, na mhusika huyo hakuendana na mtindo wao. Bourne ni mtu aliyepoteza kumbukumbu, kwa hiyo mtikisiko wa kamera unaeleza hali yake. Bond anajua alipo na anajua anachofanya. Raha ya kumtazama ni kumwona akipiga hesabu ya chumba kabla ya kukichafua, na hesabu hiyo haionekani pale ambapo chumba chenyewe hakionekani.

Tukio la Siena ni mfano mzuri zaidi wa hasara hii. Bwana White anahojiwa chini ya ardhi wakati juu yake kuna mbio za farasi za Palio, ambazo hufanyika uwanjani katikati ya mji, na mlinzi wa karibu wa M, mkuu wa idara ya ujasusi, anageuka kuwa msaliti. Bond anamfukuza kupitia mifereji na juu ya vigae vya mapaa, huku uhariri ukirukaruka kati yao na farasi. Wazo ni zuri sana: vurugu mbili, moja ya sherehe na moja ya mauti, zikiendeshwa sambamba. Mwisho wake ni mzuri zaidi, kwani wanaume hawa wawili wanavunja kioo cha paa na kubaki wakining'inia kwa kamba katika jukwaa la mafundi, kila mmoja akinyoosha mkono kuitafuta bastola yake. Yeyote anayepunguza kasi ya filamu na kulitazama tukio hilo taratibu ataona jinsi lilivyopangwa kwa akili: kamba moja inashuka kwa sababu nyingine inapanda, na uzito wa mtu mmoja ndio unaomwinua mwenzake. Ila hakuna aliyelipia tiketi ili apunguze kasi.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu filamu yenyewe ina ushahidi kwamba Forster alijua kufanya vinginevyo. Katikati ya filamu Bond anafika Bregenz, Austria, ambako opera ya Tosca inachezwa kwenye jukwaa linaloelea ziwani, lililotawaliwa na jicho kubwa mno linalowatazama watazamaji. Vigogo wa genge la Quantum, lile lile lililomtumia Vesper, wametawanyika miongoni mwa wasikilizaji, wakifanya kikao chao kwa vifaa vya masikioni huku wakijifanya wanafuatilia muziki. Bond amepata kifaa kimoja. Anasikiliza kwa muda, kisha anaingilia na kuwaambia kwa upole kwamba wangetafuta mahali pazuri zaidi pa kukutana. Wanashtuka. Mmoja baada ya mwingine wananyanyuka na kuondoka, na kila anayesimama anapigwa picha, kwa sababu kusimama kwake ndiko kunakomtambulisha. Bwana White peke yake anabaki ameketi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye akili kuliko wote.

Hapo hakuna ngumi wala risasi, na ni tukio bora kuliko yote katika filamu hii. Mimi naliweka miongoni mwa matukio bora ya Bond wa enzi yoyote. Mtazamaji anajua nani amekaa wapi, nani anamwona nani, na nini kitatokea mtu akifanya kosa. Kinachofuata ni mapambano ambamo milio ya bastola inazimwa kabisa na muziki wa Puccini, mtunzi wa Tosca, unabaki, tunaona watu wakikimbia na kuanguka mgahawani bila sauti. Uhariri wa hapo pia ni wa kasi, lakini una mdundo wa kuufuata. Mtu aliyeweza kutengeneza dakika hizi alikuwa na uwezo wa kutengeneza filamu nzima kwa kiwango hiki, na ndiyo sababu kasoro za Garda na Siena zinaniuma zaidi.

Wapo wanaolaumu mgomo. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma tangu tarehe 5 Novemba 2007 hadi Februari 2008, na Paul Haggis, aliyeandika pamoja na Neal Purvis na Robert Wade, alikabidhi muswada saa chache tu kabla ya mgomo kuanza. Upigaji picha ulianza Januari 2008 bila mwandishi wa kuita pale tukio linapokwama. Craig mwenyewe alieleza miaka kadhaa baadaye kwamba yeye na Forster ndio waliolazimika kurekebisha matukio wakiwa kazini, na akakiri kwamba yeye si mwandishi. Maelezo haya yana uzito yanapohusu mazungumzo yaliyokatika na wahusika wanaotoweka ghafla. Inaelezeka pia kwa nini filamu ina dakika 106 tu, fupi kuliko zote za Bond. Lakini hakuna mgomo uliomlazimisha mhariri akate picha kabla haijasomeka. Magari ya Garda hayakuhitaji mwandishi.

Sasa nije kwenye shtaka la pili. Ilisemwa kwamba huyu si Bond. Hatamki ile sentensi yake maarufu ya kujitambulisha. Picha ya mtutu wa bunduki, ambayo kwa kawaida hufungua filamu hizi, imesogezwa mwisho. Hana vifaa vya ajabu, na Q, fundi anayempa vifaa hivyo, hayupo. Mwanamke anayefuatana naye karibu filamu nzima, Camille Montes, aliyeigizwa na Olga Kurylenko, hafiki kitandani kwake. Wanaagana kwa busu moja tu. Kwa mtu aliyezoea mapishi ya miaka arobaini na sita, hii ilikuwa meza isiyo na chumvi.

Ninawaelewa waliolalamika, ila nadhani hawakumtazama mtu waliyewekewa mbele yao. Bond wa filamu hii amefiwa, na mpenzi aliyemfia alikuwa amemsaliti. Kwa hiyo hata haki ya kumlilia hana uhakika nayo. Filamu haituambii hivyo kwa hotuba. Inatuonyesha ndani ya ndege usiku, ambapo Bond ameketi kwenye baa na hapati usingizi. Rafiki yake Mathis anamuuliza anakunywa nini. Bond anajibu kwamba hajui. Ni mhudumu wa baa anayetaja mchanganyiko, kiungo kimoja baada ya kingine, na kuongeza kwamba bwana huyu amekwisha kunywa glasi sita. Aliyeitazama Casino Royale anakitambua kinywaji hicho mara moja: ni kile ambacho Bond alikibuni mwenyewe na kukipa jina la Vesper. Anakinywa hadi glasi ya sita na hawezi kukitaja jina. Sijui ni filamu ngapi za mapigano zilizowahi kueleza msiba kwa uchache wa maneno kiasi hicho.

Baadaye Mathis anapigwa risasi na polisi huko Bolivia na kufa mikononi mwa Bond, akimsihi amsamehe Vesper na ajisamehe mwenyewe. Bond anamkumbatia hadi pumzi ya mwisho. Kisha anaubeba mwili na kuutupa katika pipa kubwa la taka, anachukua fedha zilizomo katika pochi ya marehemu, na kuondoka. Camille anamuuliza kama hivyo ndivyo anavyowatendea marafiki zake. Anajibiwa kwamba Mathis asingejali. Watazamaji wengi walichukizwa na tukio hili, na katika jamii zetu, ambako maiti huheshimiwa na kusitiriwa hata pale ambapo marehemu alikuwa mgeni, linachukiza maradufu. Lakini nadhani kuchukizwa ndiko kulikokusudiwa. Hapo tunaoneshwa kazi hii inamfanya mtu nini, na tunaoneshwa kwamba Mathis, aliyeishi maisha yote katika kazi hiyo hiyo, angefanya vivyo hivyo. Filamu za Bond za awali zilituachia raha ya mauaji bila kutudai chochote. Hii imedai.

Camille naye ni sehemu ya hoja hii. Anamwinda Jenerali Medrano, aliyeiangamiza familia yake alipokuwa mtoto, na Bond anamfundisha namna ya kuvuta pumzi kabla ya kufyatua. Anampata na kumuua ndani ya hoteli inayowaka moto jangwani. Hafurahi. Anauliza afanye nini sasa. Bond anamtazama mtu aliyekimaliza kile ambacho yeye mwenyewe anakitafuta, na anaona kwamba hakuna kilichorudi. Ndiyo maana huko Kazan, Urusi, anapomkamata hatimaye mwanamume aliyemlaghai Vesper kwa mapenzi ya uongo, anamwacha hai na kumkabidhi kwa idara. Watazamaji walioambiwa kwamba hii ni filamu ya kisasi, na waliotaka steringi amalize kazi, walihisi wamepunjwa. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipokuwa na ujasiri kuliko zote za aina yake, kwa sababu iliandaa kisasi kwa muda wote huo kisha ikakataa kukitoa.

Malalamiko mengine yalimhusu adui. Dominic Greene, aliyeigizwa na Mfaransa Mathieu Amalric, hana kovu usoni, hana paka, hana ngome chini ya volkano. Ni mfanyabiashara anayejifanya mtetezi wa mazingira. Katika mapigano ya mwisho anapiga makelele na kurusha shoka ovyo kama mtu ambaye hajawahi kupigana, na kweli hajawahi. Mpango wake ni huu: anamsaidia Jenerali Medrano kuipindua serikali ya Bolivia, na malipo yake ni kipande cha jangwa ambacho kila mtu anadhani kina mafuta. Wamarekani wanadhani hivyo, na kwa tamaa ya mafuta hayo wanakubali kufumba macho. Kumbe Greene amezuia maji chini ya ardhi kwa mabwawa ya siri. Jenerali anapokwisha kushika madaraka analetewa mkataba: kampuni ya Greene ndiyo itakayouza maji nchini, kwa bei maradufu. Akikataa, atapinduliwa yeye pia.

Wengi waliona huu ni mpango mdogo mno kwa filamu ya Bond. Nashangaa kila ninapousoma uamuzi huo, kwa sababu waliousema walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wanaofungua bomba na kuona maji yakitoka. Waandishi wa filamu hawakuwa wanabuni kutoka hewani. Huko Bolivia kwenyewe, mjini Cochabamba, huduma ya maji ilikabidhiwa mwaka 1999 kwa kampuni iliyokuwa na wanahisa wa kigeni. Ankara zikapanda kwa kiasi ambacho familia nyingi hazikukimudu, watu wakaingia barabarani, serikali ikatangaza hali ya hatari, kijana mmoja akauawa kwa risasi, na Aprili 2000 mkataba ukavunjwa. Filamu iliyotoka miaka minane baadaye na kuiweka hadithi yake katika nchi hiyo hiyo ilijua inachozungumzia.

Na Watanzania hatukuhitaji kwenda Bolivia. Agosti 2003 huduma ya majisafi ya Dar es Salaam ilikodishwa kwa kampuni ya City Water, iliyowaunganisha wawekezaji wa Uingereza na Ujerumani na mshirika wa hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja, ikisema kampuni imeshindwa kutimiza iliyoyaahidi. Shauri likafika mbele ya jopo la usuluhishi la kituo cha Benki ya Dunia, na Julai 2008 uamuzi ukatoka kwamba serikali ilikiuka baadhi ya wajibu wake kwa mwekezaji, lakini haikuamriwa kulipa fidia. Miezi mitatu baadaye Quantum of Solace ikazinduliwa London. Sidai kwamba kampuni ile ilifanana kwa lolote na genge la filamu. Mgogoro ule ulikuwa wa mkataba, mitaji, mita na ukusanyaji wa madeni, na kila upande ulikuwa na hoja zake. Ninachosema ni kwamba mtu wa Manzese au Mbagala, aliyenunua dumu la maji kwa muuza mkokoteni kwa bei kubwa kuliko ile ya bomba, hahitaji kufafanuliwa kwa nini Greene anatisha. Anatisha kwa sababu silaha yake ni karatasi iliyotiwa saini.

Filamu inalijua hilo lakini hailipi muda, na hapa shtaka la kwanza linarudi kuliharibu la pili. Bond na Camille wanatoka katika pango walikoona bwawa la siri, na kwa muda mfupi tunaoneshwa wanakijiji wenye vyombo vyao mbele ya bomba linalokauka. Picha hiyo ndiyo moyo wa hadithi yote. Inapita haraka kama mlango wa gari ulivyopita kule Garda. Nusu dakika zaidi hapo, pamoja na uso mmoja wa mwanakijiji na neno moja kutoka kwake, ingemfanya mtazamaji amchukie Greene bila kuhitaji kovu. Badala yake wananchi wa Bolivia wamebaki kuwa mandhari ya ugomvi wa watu wengine, na hilo ni kosa ambalo wahakiki wachache sana walilitaja.

Wako walioliona kwa namna yao. Jangwa la Bolivia katika filamu ni la Chile, upande wa Atacama. Hoteli inayoungua ni makazi ya wanasayansi katika kituo cha kutazama nyota cha Paranal. Wakati wa upigaji picha, meya wa wilaya ya Sierra Gorda aliingia na gari lake hadi eneo la kazi kupinga mji wa nchi yake kuvishwa sura ya Bolivia, nchi ambayo Chile ilipigana nayo vita na kuinyang'anya pwani katika karne ya 19. Alikamatwa kwa muda. Magazeti ya Ulaya yalilichukulia kama kioja. Kwa watu wa kule lilikuwa suala la mipaka na kumbukumbu, na ni ajabu kwamba filamu inayohusu nchi kuporwa rasilimali ilitengenezwa bila kulifikiria jambo hilo.

Miaka ilivyosonga, maoni yamelainika kiasi. Wanaozitazama Casino Royale na Quantum of Solace mfululizo, usiku mmoja, mara nyingi husema kwamba ya pili inapata maana ambayo haikuwa nayo peke yake, na nakubaliana nao: inakuwa sura ya mwisho ya hadithi moja ya zaidi ya saa nne. No Time to Die ya mwaka 2021 ilimpeleka Bond kwenye kaburi la Vesper huko Matera, ishara kwamba waandaaji walitambua kuwa jeraha lile lilikuwa mali kubwa ya enzi ya Craig. Kasoro za uhariri, hata hivyo, hazilainiki kwa umri. Bado najikuta nikirudisha nyuma ule mkimbizano wa kwanza ili nijue gari lipi limekwenda wapi.

Kilichonisikitisha zaidi ni somo ambalo waandaaji walilichukua. Mwaka 2012 walimleta Sam Mendes, na Skyfall ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja. Kamera ilitulia, mapigano yakasomeka, mtazamaji akajua tena nani yuko wapi, na kwa hilo wanastahili pongezi. Lakini pamoja na uhariri mbovu walitupa pia na maji. Silva wa Skyfall ana chuki na M. Blofeld wa Spectre, filamu ya mwaka 2015 iliyolimeza genge la Quantum na kuligeuza tawi la genge lake, ana wivu wa utotoni dhidi ya Bond. Safin wa 2021 anaanza kwa kisasi cha familia yake. Maadui wote watatu wana majeraha ya moyo, na wote wanamhusu Bond au watu wake wa karibu kuliko wanavyomhusu mwananchi yeyote wa nchi wanamofanyia uovu wao. Greene hakuwa na ugomvi na Bond hata kidogo, hakumjua. Alitaka mkataba wa huduma ya maji katika nchi maskini, serikali mbili kubwa zilikuwa tayari kumwachia aupate, na waziri wa Uingereza katika filamu anamweleza M waziwazi kwamba nchi yao ikikataa kufanya biashara na watu waovu itabaki bila wa kufanya naye biashara. Sentensi hiyo ni kali kuliko lolote lililotamkwa katika filamu tatu zilizofuata, na ilistahili filamu ambayo kamera yake ingetulia ili isikike.